Nina miaka 46, kazi naijua lakini sina cheti: nikasome kwa fedha ya mkopo wa mke wangu?

Shikamoo dada mshauri,

Naomba jina langu lisitajwe, maana wanaonifahamu wakisoma watanijua mara moja.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Mwanza na mke wangu na watoto watatu. Shule niliishia kidato cha pili baada ya baba kufariki. Mjomba wangu alikuwa anafanya wayaringi, akanichukua niwe saidia fundi wake. Nilianza kwa kuchimba kuta na kubeba ngazi, baadaye akaniachia kupitisha mabomba na kuvuta waya, mwisho nikawa nafunga hadi meni swichi peke yangu. Mjomba amezeeka, kazi nimebaki nazo mimi. Nyumba nyingi za mtaa huu zinawaka kwa mikono yangu, na sijawahi kuitwa kwa ajili ya shoti iliyotokana na uzembe wangu.

Shida yangu ni karatasi. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, shirika la umeme, fomu na mchoro wa wayaringi lazima vipigwe muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mimi sina leseni. Kwa hiyo kila nikimaliza nyumba namtafuta mwenye muhuri, anapiga, anachukua fedha nzuri, na mara nyingine hata mlangoni hajafika. Mwaka huu kuna mama mmoja alikuwa na nyumba za kupangisha za kufungwa umeme. Tulishaelewana bei. Akaniuliza, "Leseni yako iko wapi?" Nikababaika. Kazi akampa kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukunja bomba, sasa ana cheti cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Nimeulizia chuo cha VETA. Kozi ndefu ya umeme kwa anayesoma kutwa, ada niliyotajiwa ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na hiyo ningejikamua. Lakini ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka alasiri, na juu ya ada kuna sare, vifaa, nauli na mitihani. Nikiwa darasani nani atapeleka hela ya sokoni? Nikaenda pia chuo kimoja cha binafsi. Wao walisema miezi sita, jioni, shilingi 850,000, na cheti kinatoka. Nilipouliza cheti hicho kinatambulika wapi, dada wa mapokezi akasema, "Kote."

Msaada nimeutafuta. Afisa maendeleo ya jamii aliniambia ile programu ya serikali ya kurasimisha ujuzi, ambayo mtu analipiwa, ni ya vijana na mwisho ni miaka 35. Bodi ya Mikopo inahusika na wa vyuo vikuu na stashahada. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mimi si yeyote kati ya hao. Nilitoka pale ofisini najiona kama mtu aliyesahaulika.

Sasa mke wangu. Anauza dagaa, na yeye na wenzake sita wana kikundi. Wamepata mkopo wa halmashauri na mgao wake ni shilingi 1,500,000. Usiku mmoja akaniambia bila mimi kumwomba: "Chukua laki sita ukasome. Mimi nitanunulia mzigo zitakazobaki. Ukipata leseni utanirudishia." Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Wenzake hawajui. Kwenye andiko lao la kuombea mkopo waliandika biashara ya dagaa, si masomo ya mume wa mtu.

Kaka yangu anasema nisiguse fedha ya mwanamke, bora nikakope kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, nijibebee mzigo wangu mwenyewe. Mama mkwe anasema umri wangu ni wa kusomesha, si wa kusoma, na hapo naye ana hoja kwa sababu binti yetu mkubwa yuko kidato cha nne. Mke wangu anataka jibu kabla hawajaenda kununua mzigo. Dada yangu, nifanyeje?

Fundi, Mwanza

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma taratibu, na kabla sijasema lolote nikupe pole kwa ile kazi ya nyumba za kupangisha. Kunyang'anywa kazi na mtu uliyemfundisha, mbele ya mteja, kunauma. Na kumbe hukufundisha vibaya, ndiyo maana aliaminiwa.

Naomba nirudie ulichoniandikia kama nilivyokielewa, unisahihishe moyoni mwako pale nitakapokosea. Unaijua kazi. Unachokosa ni uthibitisho unaokubalika kisheria, na kukosa huko kunakugharimu kila nyumba. Njia ya kuupata uthibitisho inaonekana kuhitaji fedha, na fedha pekee iliyo karibu ni ya mke wako, iliyokopwa kwa dhamana ya wanawake wengine sita ambao hawajaulizwa. Pembeni yuko binti yenu anayeelekea kumaliza, na familia yenye maoni yake.

Kwanza tuitazame hiyo fedha. Umeandika kana kwamba umekwama kwa sababu ya ada, lakini ada umeitaja mwenyewe, elfu sitini, na umesema ungejikamua. Zile laki sita, kwa jinsi ninavyoiona hesabu, ni za kulipia siku ambazo hutakuwa kazini. Hapo ndipo watu wazima wengi wa kipato kidogo wanapoangukia. Mijadala ya kugharamia mafunzo mara nyingi huzungumzia ada, na ada ikishapunguzwa watu hudhani mlango umefunguliwa. Kwa kijana anayekula kwa wazazi wake, ni kweli umefunguliwa. Kwa baba mwenye watoto watatu, gharama kubwa ni mfuko wa unga ambao hautanunuliwa Jumatano kwa sababu Jumatano alikuwa darasani. Ninakueleza hivi kwa sababu laki sita, ukizigawa kwa wiki za kozi ndefu ya mchana, zitaisha mapema sana kabla ya masomo. Ulishakaa na mkeo mkapiga hesabu hiyo kwa wiki, au mmeangalia jumla tu?

Sasa nikuulize jambo jingine. Unatafuta nini hasa: elimu, cheti au leseni? Vitu hivi vinafanana kwa mbali lakini bei zake na muda wake ni tofauti. Ukitaka elimu, yaani kujua nadharia, mifumo ya umeme wa njia tatu, sola, mitambo, basi chuo kina maana yake na hakuna njia ya mkato ninayoijua. Ukitaka uthibitisho wa kile unachokijua tayari, ipo njia nyingine, na inanisikitisha kwamba ofisini uliambiwa nusu yake tu.

VETA kwa miaka mingi imekuwa ikiendesha tathmini ya ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, yaani kwa watu waliojifunza kazini kama wewe. Fundi anaomba, anaeleza uzoefu wake na kuuthibitisha, kisha anapimwa kwa vitendo na kwa kuulizwa maswali na watu wa fani yake. Palipo na pengo anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, na akifaulu anapata cheti. Programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayowalipia vijana wa miaka 15 hadi 35, na hiyo kweli umri umekupita. Lakini kulipiwa ni jambo moja, na kupimwa ni jambo jingine. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe uulize mahsusi: mtu wa miaka 46 anayejilipia anapimwa lini, kwa kiasi gani, na tathmini inachukua siku ngapi. Waombe wakuandikie gharama zote. Inawezekana kabisa ukakuta kiasi ambacho hakihitaji kugusa mkopo wa mtu yeyote.

Lakini usilipe hata hiyo kabla hujapita EWURA. Leseni za kufunga umeme zina madaraja, na kila daraja lina masharti yake ya elimu na uzoefu. Waulize: kwa nyumba za kawaida ninazofunga mimi, daraja gani linanitosha, na mnapokea cheti gani, cha ngazi gani? Je, cheti cha tathmini ya ujuzi mnakipokea kwa daraja hilo? Jibu lao ndilo litakaloamua kama njia hii fupi inafika unakokwenda au inaishia katikati. Nimeona watu wakisoma kwanza, wakiuliza baadaye, na kuambiwa cheti walichohangaikia si kile kinachotakiwa. Hapo ndipo umaskini unapouma mara mbili.

Neno "kote" la yule dada wa mapokezi lilinitia wasiwasi. Chuo cha ufundi stadi, cha binafsi au cha umma, kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na wewe una haki ya kuomba namba ya usajili na kuihakikisha kwenye baraza lenyewe. Hata chuo kikiwa kimesajiliwa, bado unauliza kama kozi hiyo hiyo inaruhusiwa kutolewa hapo na inamaliziwa na mtihani wa nani. Sisemi usiende, ratiba ya jioni ingekufaa kweli. Ila laki nane na nusu ni fedha nyingi kuitoa kwa neno moja lisilo na karatasi.

Tuje kwa mkeo. Nimeisoma sentensi yake mara kadhaa, "Chukua laki sita ukasome," na nimeona mwanamke anayekuamini. Usiipokee wala usiikatae haraka kwa sababu ya maneno ya kaka yako. Kwamba mume asiguse fedha ya mwanamke ni fahari ya wanaume, na fahari hiyo isikuchagulie njia. Nyumba yenu ni moja, na kipato chako kikiongezeka anafaidika naye.

Ila fedha hii si yake peke yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa kikundi, kwa ajili ya mradi ulioandikwa, na kikundi ndicho kinachodaiwa. Unakumbuka Aprili 2023 mikopo hii ilisitishwa nchi nzima. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilikuwa zimeonyesha fedha nyingi hazijarejeshwa na vikundi vingine havikuwepo kabisa, na ilirejea 2024 kwa kanuni mpya na ukaguzi mkali zaidi. Kwa hiyo mkeo akitoa laki sita kimya kimya, mtaji wake wa dagaa unapungua kwa zaidi ya theluthi huku marejesho yakibaki yale yale. Mwezi mmoja dagaa wakiadimika, au wakinyeshewa kabla hawajakauka, wenzake ndio watakaomfidia. Wakishajua fedha ilikwenda wapi, unadhani watamwambiaje? Na je, akikosa tena nafasi katika kikundi hicho, mtaji wa mwaka ujao utatoka wapi?

Nakuuliza pia jambo ambalo hukuliandika: mkeo alitoa pendekezo hilo usiku ule kwa sababu aliona ni mpango mzuri, au kwa sababu alikuona umelala bila kula? Anastahili kuulizwa tena mchana, akiwa na daftari lake la biashara mkononi. Huenda akasimamia neno lake. Huenda akasema afadhali mzigo wote ununuliwe, na faida ya miezi ya kwanza ndiyo ikulipie tathmini. Hiyo ikishakuwa faida ni yake, anaweza kuitumia atakavyo bila kumficha mtu. Inachelewesha, najua. Na kila mwezi unaopita unaendelea kulipia muhuri wa watu.

Kuhusu kausha damu, kaka yako anakupenda, lakini mkopo wa namna hiyo unadai marejesho ya kila siku au kila wiki kuanzia karibu siku ile ile unapoupokea. Masomo hayalipi kila wiki. Faida yake huja mwishoni, ikija. Ukikopa fedha inayodai leo ili kununua kitu kitakacholeta kipato mwakani, utaacha darasa katikati ili ukalipe deni, na utabaki na deni bila cheti. Kama ni lazima kukopa, VICOBA au SACCOS ambayo wewe mwenyewe ni mwanachama ina hatari ndogo zaidi, maana mnafahamiana na ratiba inazungumzika.

Jambo moja sipendi nilipite kimya, na naomba ulipokee kama kutoka kwa dada. Ule muhuri wa mtu ambaye hakufika mlangoni hauwaumizi ninyi mfukoni tu. Nyumba ikishika moto, karatasi inamtaja yeye, mwenye nyumba anakutafuta wewe, na sheria inamtaka mwenye kufunga umeme awe na leseni. Tena karatasi hizo zinaufuta uzoefu wako, kwani miaka yote hiyo ya kazi imeandikwa majina ya wengine. Je, kati ya wakandarasi hao hakuna hata mmoja muungwana, ambaye angekubali kukagua kazi zako kweli, kukuchukua kama fundi wake na kukuandikia barua ya uzoefu? Kipato kingeweza kushuka kidogo kwa muda. Lakini barua hiyo, pamoja na picha za kazi zako na maneno ya wateja wachache, ndiyo itakayokusaidia siku utakapokaa mbele ya watathmini.

Mama mkwe umemjibu moyoni kwa kumpa haki, na mimi sitamvunjia heshima. Ila nchi yetu haikuanza kwa kuamini hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikawekwa kwa sheria, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza wakati huo huo, kwa ajili ya watu wenye familia na kazi. Vyuo hivyo bado vipo, vina kozi ndefu na fupi za ufundi, na vinafaa kuulizwa pia. Kilichobadilika ni kwamba fedha nyingi za mafunzo siku hizi zimefungwa kwenye neno kijana. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na sehemu yake inakwenda VETA. Fundi wa mtaani hana mwajiri wa kumlipia tozo hiyo, na akivuka miaka 35 hana programu ya kumlipia tathmini. Hilo linaniudhi, na nadhani diwani wako anapaswa kulisikia kutoka kwa watu kama wewe. Mkiwa mafundi wengi wa rika lako wilayani mwenu, ombeni kwa pamoja halmashauri na chuo waandae tathmini ya mwishoni mwa wiki. Kundi la mafundi wenye majina na simu zao husikilizwa kuliko mtu mmoja.

Na binti? Yeye na wewe si lazima mshindane. Majibu ya EWURA na VETA utayapata kabla matokeo yake ya kidato cha nne hayajatoka. Kama njia yako itakuwa ya tathmini ya siku chache, mtakuwa na nafasi ya kumpangia. Kama itakuwa kozi ndefu ya mchana, hapo mna uamuzi mgumu wa familia na yeye mwenyewe ni mkubwa wa kutosha kukaa kwenye kikao hicho.

Mzigo wa dagaa hauna haja ya kukusubiri wewe. Mwambie mkeo hivyo leo, kwamba kikundi kikanunue kama kilivyopanga, na kwamba pendekezo lake hujalikataa. Kisha chagua asubuhi moja isiyo na kazi, anza EWURA, malizia VETA, uandike majina ya waliokujibu na viwango walivyotaja. Ukishayapata, niandikie tena, na safari hii mwombe mkeo naye aandike yake.